Kutoa tope kwenye bwawa la mjini: tafuta kwanza pa kulimwaga

Watu wakisikia bwawa litatolewa tope akili inaruka moja kwa moja kwa mashine, eskaveta ngapi, dreja (mashine ya kutoa tope ndani ya maji) inatoka wapi, kazi inaanza lini. Hayo ni maswali ya baadaye. Swali la kwanza ni tope likishatoka linaenda wapi na maji yake yanaenda wapi, manake tope la bwawa ni maji zaidi kuliko udongo, na kama huna jibu la hayo mawili usisaini tenda ya mashine yoyote, utalipia mashine ikae juani wiki baada ya wiki huku kila mtu kwa ofisi anapiga simu kutafuta kiwanja.

Mfano nitakaoshikilia ni Nairobi Dam, ile iko kati ya Kibera na Lang'ata. Ilijengwa 1953 kama akiba ya maji ya mji, Mto Motoine unaingia huku juu, maji yanatoka chini yakiitwa Ngong River, eneo lake ni kama ekari 88. Kuna kizazi kilikuwa kinaendesha mashua za tanga pale, klabu yao ilikuwepo kabisa, siku hizi ukipita unaona gugumaji, nyasi za napia na nduma mahali palipokuwa maji matupu. Nimelichagua kwa sababu lina kila shida ya bwawa la mjini kwa pamoja: maji taka, plastiki, watu wanaolima ndani, barabara zilizojaa na hakuna kiwanja tupu karibu. Hesabu nitakazopiga ni za kuonyesha njia tu, za mradi wako utazipata ukipima mwenyewe.

Kupima: juu ya tope na chini ya tope

Unahitaji ramani mbili, ya uso wa tope na ya sakafu ngumu iliyo chini yake, tofauti ya hizo mbili ndio kiasi chako. Boti yenye mashine ya kupima kina kwa sauti inafanya kazi vizuri kwenye maji wazi, lakini tope laini linaidanganya, masafa ya juu kama kilohezi 200 yanarudi yakigusa tu uso wa tope laini, masafa ya chini yanazama zaidi kidogo. Kwa hiyo hata ukiwa na mashine ya bei, beba fimbo ndefu ya chuma au bomba lenye alama za sentimita, shusha pole pole hadi usikie tope limeanza kushika, andika, kisha sukuma hadi igome kabisa, andika tena. Fanya hivyo kwa mistari iliyonyooka kuvuka bwawa lote. Ni kazi ya kizamani na inachosha mikono ila ndio itakayokuokoa siku mnabishana na kontrakta.

Kama bwawa limefunikwa na majani kama hili la Nairobi boti haitapita, hapo mtaanza kwa kufungua njia kwenye gugumaji kwanza. Bajeti ya kutoa majani iandike kivyake, usiichanganye na ya tope, manake mita moja ya ujazo ya gugumaji na mita moja ya tope ni kazi mbili tofauti kabisa na zinaenda sehemu tofauti.

Sasa hesabu. Ekari 88 ni kama mita za mraba 356,000. Kila mita moja ya kina cha tope utakayotoa ni mita za ujazo 356,000 likiwa bado limelala chini. Tuseme tope lako lina asilimia 30 ya yabisi kwa uzito, zinazobaki 70 ni maji, basi mita moja ya ujazo ina uzito wa kama tani 1.23, na ndani yake udongo mkavu ni kilo 370 hivi tu. Rudia hiyo namba mara mbili. Unalipa watu, dizeli na lori kuhamisha tani moja na robo ili upate kilo 370 za udongo, na ndio maana nusu ya maelezo haya ni kuhusu maji.

Jua kilichomo kabla hujaahidi mtu chochote

Kuna wanasiasa wanapenda kusema tope litapewa wakulima bure liwe mbolea. Usiseme hivyo mpaka maabara iseme. Bwawa la mjini limekuwa likipokea kila kitu kutoka juu: oili ya gereji, maji ya vyoo, betri, rangi, taka za karakana za jua kali, na vitu vingi vya aina hiyo vinajishikilia kwenye chembe laini za tope badala ya kubaki kwenye maji.

Chukua sampuli kwa bomba linalotoa tope likiwa wima, yaani unapata tabaka zote kama zilivyolala, halafu ugawanye la juu, la kati na la chini. Tabaka la juu ni la miaka ya karibuni, la chini kabisa linaweza kuwa udongo safi wa kabla ya mji kukua, na hapo ndipo pesa inapookolewa, manake kama uchafu uko kwenye sentimita 60 za juu tu unaweza kuzitoa na kuzipeleka kwenye jaa la kisheria, na lile la chini ukalitumia kwa kazi nyingine. Ukichota ndoo moja kubwa na kukoroga yote pamoja utapata wastani usiokuambia kitu. Sampuli nyingi zaidi ziweke pale mto unapoingia na pale mifereji ya mtaa inapomwaga, katikati ya bwawa chache zinatosha.

Vipimo vya kuagiza: ukubwa wa chembe, unyevu, kiasi cha mboji, metali nzito (risasi, zebaki, kadmiamu, kromiamu, zinki, shaba, aseniki), mafuta ya petroli, fosforasi na naitrojeni, bakteria wa kinyesi, na kipimo cha kuona metali ngapi zitatoka kwenye tope likinyeshewa. Hicho cha mwisho watu wengi wanakiruka. Tope linaweza kuwa na risasi nyingi na bado isichuruzike, au likawa nayo kidogo na yote ikatoka na maji ya mvua. Kwa Marekani kipimo chao cha aina hiyo kinaweka risasi kwenye miligramu 5 kwa lita, kadmiamu 1, zebaki 0.2, likizidi hapo linahesabiwa ni taka hatari na gharama inapaa. Kwa kulinganisha jumla ya risasi ndani ya tope lenyewe, watu wa mazingira hutumia sana kiwango cha miligramu 128 kwa kilo kama mstari ambao ukivukwa viumbe wa chini ya maji kuna uwezekano mkubwa wanadhurika. Hizo ni namba za kukusaidia kufikiria, kisheria utafuata za nchi yako.

Kuhusu nduma na sukumawiki zinazolimwa kwenye tope hilo hilo saa hii, majibu ya maabara yakitoka waambie wakulima kwanza kabla ya mtu yeyote wa gazeti. Ni heshima ya kawaida, na pia ni hao hao watakaokaa mbele ya eskaveta yako wakisikia habari kwa redio.

Vibali na watu

Kwa Kenya huu ni mradi wa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA), leseni inatoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na kwa sababu unagusa chanzo cha maji utaongea pia na Water Resources Authority, mamlaka ya rasilimali za maji, kaunti nao wana vibali vyao vya lori na jaa. Anayebeba taka lazima awe na leseni ya NEMA ya kubeba taka, na hii iulize kwa kila lori, usiridhike na cheti kimoja cha kampuni. Ushirikishwaji wa umma uko kwenye katiba ya 2010, sio hisani ya mkurugenzi, kwa hiyo mikutano fanya kweli, saa ambazo watu wa Kibera wamesharudi kutoka kazini na sio Jumanne saa nne asubuhi.

Halafu kalenda. Nairobi mvua ndefu ni Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba. Kukausha tope panga Juni hadi Septemba na ule upenyo wa Januari na Februari. Kontrakta akileta ratiba yenye kukausha tope Aprili mrudishie.

Pa kumwaga

Hapa ndio moyo wa kazi yote. Chaguo ni kama haya na kila moja lina mtego wake.

Jaa la mji. Nairobi jaa kubwa ni Dandora, lilifunguliwa miaka ya 70 na liliripotiwa kujaa tangu 2001, sasa fikiria unafika pale na maelfu ya tani za tope bichi. Tope lenye maji halikubaliki kwenye jaa lolote linalojiheshimu, linateleza, linaporomosha rundo la taka, linaongeza maji machafu chini. Likiwa kavu ni hadithi tofauti, jaa linahitaji udongo wa kufunika taka kila siku, na tope lililokaushwa ambalo maabara imelipitisha linaweza kufanya hiyo kazi. Hapo hata bei mnaweza kuelewana.

Machimbo ya mawe yaliyoachwa. Kila mtu anayafikiria haya kwanza, shimo liko wazi, tuzibe, tumalize. Ila shimo la mawe mara nyingi lina nyufa zinazoshuka hadi maji ya ardhini, na watu wa jirani wana visima. Weka tope safi tu, au uweke tabaka la udongo mfinyanzi na karatasi ya plastiki nzito chini kwanza, na uchimbe visima vidogo vya kupimia maji pembeni kabla hujamwaga lori la kwanza, manake bila kipimo cha kabla huwezi kumjibu mtu atakayesema umemharibia maji. Dallas kule Texas walitoa tope ziwa lao la White Rock 1998, kama yadi milioni 3 za ujazo, na badala ya lori walilisukuma kwa paipu ya karibu maili 20 hadi kwenye mashimo ya zamani ya kokoto nje ya mji. Fikiria hilo. Waliona afadhali kulaza paipu maili 20 kuliko kupitisha lori mjini.

Kutumia tena kama udongo wa bustani na mandhari. Linawezekana, na mfano ninaoupenda ni Trummen, ziwa dogo la mji wa Växjö, Uswidi. Maji taka yalikoma kuingia mwisho wa miaka ya 50 lakini ziwa likabaki limekufa kwa sababu tope lenyewe lilikuwa linaachilia fosforasi kila kiangazi. 1970 na 1971 wakafyonza nusu mita kila mwaka, wakalituliza kwenye vidimbwi pembeni, maji yaliyorudi wakayatibu kwa alumini salfeti, tope lilipokauka likatumika kama udongo wa juu. Kumbuka hapo walikuwa na nafasi pembeni na hawakuwa na betri za gari ndani ya tope.

Kuongeza ukingo au kutengeneza bustani ndani ya bwawa lenyewe. Ukiwa na ekari 88 unaweza kuamua ekari kadhaa ziwe nchi kavu, unajenga tuta, unajaza nyuma yake tope lililokaushwa, unapanda miti. Lori zinapungua sana. Shida ni ya kijamii zaidi kuliko ya kiinjinia, ardhi mpya mjini ina wenyewe hata kabla haijakauka, hati zinatokea zenyewe. Kama mnaenda njia hii, andikisheni hiyo ardhi kama mali ya umma kabla ya kumwaga na sio baada.

Matofali, saruji, udongo wa barabara: yote yanafanyika kwa kiasi kidogo, jaribu ukipenda, ila usiyaweke kwenye mpango kama ndio pa kupeleka sehemu kubwa.

Chochote utakachochagua, pata barua ya kukubali iliyosainiwa na mwenye eneo, yenye kiasi, ubora wa tope na muda. Ahadi ya mdomo ya mzee wa kiwanja haihesabiki, akipata mnunuzi wa ploti utaambiwa geti limefungwa. Na uwe na eneo la pili la akiba hata kama ni dogo.

Kulitoa chini

Njia ni tatu. Ya kwanza kushusha maji na kuchimba kwa eskaveta likiwa limekaukakauka. Ni rahisi kuelewa na unaona unachofanya, unaokota matairi na mabati kwa macho. Ila mto utaingia bado, kwa hiyo unahitaji mfereji wa kuupitisha pembeni, na usishushe maji kwa haraka kwenye bwawa lenye tuta la udongo, ukingo wa ndani ulioloa ukibaki bila maji ya kuuegemeza unaweza kuteremka. Injinia wa mabwawa ndiye aseme sentimita ngapi kwa siku.

Ya pili ni eskaveta ya mkono mrefu, au ile ya kuelea juu ya tope, ikichota na kuweka kwenye pantoni. Tope linatoka likiwa na maji yale yale ya asili, hilo ni zuri, ila linachafua maji sana na mwendo ni mdogo.

Ya tatu ni dreja ya kufyonza, ina kichwa kinachokata na pampu inasukuma uji wa tope kwa paipu hadi unapotaka. Haina lori ndani ya bwawa, harufu ni kidogo, mwendo ni mzuri. Gharama yake imejificha kwenye maji: ili tope lipite kwenye paipu linapunguzwa hadi kama asilimia 10 za yabisi, kwa hiyo ile mita moja ya ujazo inakuwa karibu tatu na nusu. Mita zetu 356,000 zinakuwa zaidi ya milioni 1.2 za uji zinazotafuta pa kutulia. Na mjini kuna plastiki. Mifuko, nyaya, nguo, magunia, nywele bandia, vyote vinajisokota kwenye kile kichwa na pampu inaziba, mnasimama, mnafungua, mnatoa kwa mkono, mnawasha, dakika ishirini mbele tena. Kontrakta akija na kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda mwambie alete kasi ya bwawa lenye taka. Pitisha kwanza reki ya kuvuta taka kabla dreja haijaingia, na weka chujio zito kabla ya pampu.

Kwa Nairobi Dam mimi ningechanganya, kwenye mdomo wa Motoine ambako mchanga na taka zimejaa nitumie eskaveta, katikati ambako tope ni laini nifyonze.

Vyovyote vile usichimbe chini ya sakafu ya asili. Kuna udongo mfinyanzi pale unaozuia bwawa kuvuja, na kuna opereta ambaye akiona udongo mgumu anafurahi kwamba amefika mahali pazuri pa kuchimba. Mkataba useme kina, useme ruhusa ya kuzidisha ni sentimita 15 au 20, ikizidi hapo halipwi. Karibu na tuta weka umbali ambao hakuna mashine inagusa.

Pazia la kuzuia tope, lile la kitambaa linaloning'inia kwenye maboya, linasaidia pale ambapo maji hayaendi kasi. Kwenye mdomo wa mto wakati wa mvua litararuka tu. Pima maji yamechafuka kiasi gani kwa tope, na oksijeni, nje ya pazia kila asubuhi na alasiri, oksijeni ikishuka simamisha kazi hata kama kontrakta analia, samaki wakielea tumbo juu picha zitafika kwa kila simu kabla ya saa sita.

Kulikausha

Kidimbwi cha kutuliza ndio rahisi kama una ardhi. Ekari moja haitoshi kitu: hekta moja yenye kina cha mita moja na nusu inashika mita 15,000 za uji, ambazo ni kama mita 4,300 tu za tope la bwawani. Sasa gawanya 356,000 kwa hiyo uone utajaza na kusafisha mara ngapi. Jenga vidimbwi angalau vitatu ili kimoja kikijazwa kingine kinatulia na kingine kinakwanguliwa. Kama udongo wa pale ni ule mweusi wa Nairobi, ukiloa unazuia maji vizuri lakini ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, kwa hiyo usiuache uchi kati ya mzunguko na mzunguko, weka karatasi au uache na maji kidogo. Tope likianza kupasuka juu lipindue kwa eskaveta ndogo, uso ukishajifunika ganda chini yake linabaki bichi miezi.

Mifuko mirefu ya jiotekstaili ndiyo ningechagua mjini. Unasukuma uji ndani pamoja na polima, dawa inayofanya chembe za tope zishikane, maji yanachuja nje kupitia kitambaa, tope linabaki, unajaza tena, unaacha, unajaza tena. Inakaa hata kwenye uwanja mwembamba na harufu haisambai sana. Siri yote iko kwenye polima. Fanya majaribio ya vikombe kila tope linapobadilika, chukua uji, weka dozi tofauti, koroga, angalia ipi inafanya mabonge yanayozama na maji yakabaki meupe. Halafu jaza mfuko mdogo uning'inie usiku kucha uone yanayotoka. Dozi ya jana inaweza isifanye kazi leo ukihama mita mia moja. Na usimwage polima kwa mkono wazi ukifikiri zaidi ndio bora, ikizidi inaziba kitambaa, na ile yenye chaji chanya ikitoroka kwenye maji inawaumiza samaki kwenye mashavu yao ya kupumulia.

Mashine za kukamua, mikanda au sentrifuji, zinakula umeme na zinataka fundi anayejua, ila kama huna kabisa nafasi ndio hizo.

Mbona nasumbua hivi na kukausha? Piga hesabu ya lori. Tipa ya tairi kumi tuseme inabeba tani 15 kihalali. Tope letu likiwa na asilimia 30 ya yabisi ni tani kama 438,000, safari 29,000 na kitu. Ukilikausha hadi asilimia 55 inakuwa tani kama 239,000, safari chini ya 16,000. Umeondoa safari zaidi ya 13,000 kwenye Lang'ata Road na Mbagathi Way, kwa safari mia kwa siku ni zaidi ya miezi minne ya kazi.

Maji yanayorudi

Maji yanayochuja hayarudi bwawani hivi hivi. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 ziliweka yabisi zinazoelea miligramu 30 kwa lita na BOD, yaani oksijeni ambayo uchafu unakula, 30 kwa maji machafu yanayoingia kwenye mazingira, angalia toleo linalotumika wakati wa mradi wako na uweke namba kwenye mkataba. Kidimbwi kidogo cha mwisho, muda wa kutulia, na alumini salfeti ile tunayoita shabu ya kutulizia maji, kwa kawaida inafikisha. Amonia ndio inasumbua kwenye tope la maji taka, haitulii na shabu, inahitaji hewa, kwa hiyo acha nafasi ya kupuliza hewa hata kama hujaitumia bado. Usipoangalia fosforasi hapa utakuwa umetoa tope na kurudishia bwawa chakula cha gugumaji kwa bomba.

Lori, na ujanja wa lori

Hapa ndipo pesa ya umma inapotelea. Usilipe kwa kuhesabu lori. Lori linaweza kuja nusu, linaweza kuja limejaa maji, linaweza kupita geti mara mbili na mzigo ule ule. Kazi ya kuchimbua ilipwe kwa vipimo vya kabla na baada ya sakafu ya bwawa, ile fimbo na ile boti za mwanzo, zikirudiwa na mtu asiyelipwa na kontrakta. Usafirishaji ulipwe kwa tani za mizani pale mwisho, pamoja na kipimo cha unyevu kwa sampuli za ghafla, kwa sababu anayelipwa kwa tani ana sababu zote za kukupelekea maji.

Kila safari iwe na tiketi ya nakala nne: saiti, dereva, geti la kumwaga, na ofisi ya mradi. Namba ya gari, saa ya kutoka, uzito, saa ya kufika, sahihi. Linganisha kila jioni, sio mwisho wa mwezi. Tiketi iliyotoka na haikufika ifuatwe usiku huo huo, manake lori la tope linalopotea limemwaga mahali, kwenye hifadhi ya barabara, kwenye bonde la mto mwingine, au kwa ploti ya mtu aliyeomba udongo wa kujaza akidhani ni msafi. GPS kwenye lori ni rahisi siku hizi, weka, ila bila mtu wa kuangalia skrini ni pambo tu.

Bodi ya tipa iwe na mpira wa kuzuia kuchuruzika mlangoni, turubai juu, na mahali pa kuosha tairi kabla ya kutoka kwa lami. Tope kidogo tu kwenye lami mvua ikinyesha linaangusha bodaboda, na hiyo ajali ya kwanza ndiyo itasimamisha mradi wako, sio ripoti ya mtu. Saa za kusafirisha ongeeni na wenyeji, usiku barabara iko wazi lakini kuna watu wanalala mita kumi kutoka hapo.

Gesi na mikono

Fupi lakini usiruke. Tope lililokaa miaka bila hewa lina hidrojeni salfaidi na methani. Ile harufu ya mayai viza ikipotea ghafla usifikiri hewa imekuwa safi, ikipanda hadi kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, toka. Vifaa vya kupima gesi vivaliwe kifuani na kila anayeshuka karibu na tope au kuingia kwenye tanki, kengele iwekwe kwenye sehemu 10 kwa milioni. Hakuna mtu kuingia kwenye shimo au tanki peke yake, na mwenzake akianguka asirukie kumuokoa bila kifaa cha hewa. Gambuti ndefu, glavu, maji ya kunawa na sabuni kabla ya chai, chanjo ya pepopunda, na dawa ya kichocho ikihitajika. Vibarua wa siku wapewe hivyo hivyo, sio wale wa kudumu pekee.

Lisirudi mwaka kesho

White Rock imetolewa tope zaidi ya mara moja tangu miaka ya 30, na ile ni Dallas yenye pesa. Motoine ukiachwa kama ulivyo utajaza tena. Kwa hiyo ndani ya bajeti hiyo hiyo jenga kidimbwi cha kutega tope pale mto unapoingia, sakafu ya zege ili eskaveta isichimbe udongo, njia ya kushukia lori, na wavu wa taka mbele yake ambao unaweza kusafishwa na watu wanne kwa reki. Mchanga na plastiki vitakomea hapo, unasafisha kabla na baada ya kila msimu wa mvua, kazi ya siku chache. Laini za maji taka za juu zikikatika au hazipo, hizo zianze kujengwa kabla dreja haijafika, hata kama kuzindua dreja kunapendeza zaidi kwa kamera.

Na huyo wa kusafisha kidimbwi awe na jina la idara, mstari wa bajeti wa kila mwaka, na ufunguo wa geti. Nimeona mitego mizuri sana ya tope ikiwa imejaa hadi juu na miti imeota ndani, kwa sababu kila ofisi ilidhani ni ya ofisi nyingine. Ratiba ya kwanza ya kusafisha iandikwe na kusainiwa kabla kontrakta hajapewa cheti cha kumaliza, na paipu, pampu moja na mifuko kadhaa ya jiotekstaili ambayo haijatumika ibaki stoo ya kaunti badala ya kurudi naye.